Mtu anakukatia tiketi ya bustani halafu anakwambia "Bwana Shamba, tushikie na mabegi"!

Mbegu Bora (mwanzisha uzi):

Sina salamu leo. Naandika nikiwa ndani ya basi la kurudi Córdoba, simu ina asilimia 11, na mwenyewe yuko siti ya mbele yangu kalala mdomo wazi kama chewa wa pale Feri.

Simtaji. Hakuna haja. Kila Mswahili aliyewahi kukanyaga Uhispania anamjua. Yule ambaye kila safari lazima yeye akusanye hela, yeye ashike tiketi, yeye atangulie mbele na ile kofia. Mnaijua ile kofia.

Leo ilikuwa Granada. Tumetoka alfajiri, watu 8, mimi nimepiga pasi shati kwa ajili ya Alhambra. Kwa wasiojua, yale ni majumba na ngome ya masultani wa Nasri, yako juu ya kilima, tiketi zinaisha wiki kadhaa kabla, kila tiketi ina jina lako na namba ya pasipoti, na mlango wa majumba yenyewe umepangiwa saa yako. Ikikupita imekupita. Yetu ilikuwa saa 5 na nusu asubuhi. Hela tulimtumia sawasawa, euro 25 kila kichwa. Tiketi akazirusha kwenye kundi leo ndani ya basi wakati mimi nimesinzia. Sikuifungua yangu. Ndiyo, kosa langu, msianze.

Foleni inasogea. Dada wa mlangoni anapitisha kimashine chake: tii, pita. Tii, pita. Watu 7 wamepita. Ikafika zamu yangu, kikalia mlio mwingine kabisa, kama simu iliyoishiwa salio. Dada akanigeuzia simu yangu mwenyewe, akaweka kidole juu ya neno moja: JARDINES. Bustani. Kumbe ipo tiketi ya hivyo, bei karibu nusu. Unaingia bustani za Generalife, unapanda ngome ya Alcazaba, ila ndani ya majumba ya wafalme hutii mguu.

Nikainua macho. Yeye yuko ng'ambo ya kamba. Hakushtuka, hakuomba radhi, hakujifanya hata kushangaa. Akacheka, akasema kwa sauti ya kuuzia mitumba: "Bwana Shamba, wewe si unasoma kilimo? Bustani ndiyo saizi yako. Tushikie na mabegi."

TUSHIKIE NA MABEGI.

Hiyo "na" ndiyo inayoniua. Angesema "tushikie mabegi" ningesema ni ombi la kiungwana. "Na" maana yake ni nyongeza: hela yako nimekula, mlangoni nimekuacha, na juu yake beba.

Na mimi nikayapokea! Wote 7 wakawa wananivisha mmoja mmoja kama wanamvisha bibi harusi dhahabu. La mwisho lilikuwa lake, ndani mna chupa ya maji ya lita 2 na viatu vya akiba. Viatu vya akiba! Mtu anakwenda kuangalia jumba la sultani, anabeba viatu vya akiba kama anakwenda kuvuna mpunga.

Basi nikazunguka Generalife na mabegi 8 kama punda wa Lamu. Bibi mmoja mtalii akanisimamisha akaniuliza kuweka mzigo ni euro ngapi. Wallahi nilikaribia kumtajia bei.

Sasa kuna ngazi moja pale juu wanaiita Ngazi ya Maji. Kuta zake za pembeni, pale unapotegemea kushika mkono, zimechongwa mfereji, maji yanashuka humo mbio, ya baridi, unatia vidole unakuta mawe yamelainika kama sabuni. Maji yale yanatoka mto Darro, kilomita kama 6 huko juu, kwa mfereji wa karne ya 13, yanaletwa na mteremko tu, hakuna pampu. Na mashamba ya mboga chini ya Generalife mpaka leo yanalimwa. Nilisimama pale muda mrefu kupima kwa macho aliyeuchimba ule mfereji aliukadiriaje mwinuko bila kifaa. Lakini sijasema nilifurahi. Nilikuwa na mabegi 8.

Wao huko ndani wananitumia sauti: "Simba wa mawe wa kwenye chemchemi ni 12, tumewahesabu, wote wanakusalimia." Mimi madrasa nimesoma, herufi nazijua. Nilitaka niione kwa macho yangu ile "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mungu, waliyoirudia ukutani mara zisizohesabika. Yeye asiyejua alifu wala be ndiye kapiga nayo picha, kainyooshea kidole kama anatangaza hali ya hewa.

Jioni tukavuka mtaa wa zamani wa Albaicín kula. Granada ukinunua kinywaji unaletewa kisahani cha chakula bure, ndiyo desturi yao. Nikaagiza soda, ikaja na nguruwe. Sawa, hilo si kosa lake. Nikaomba wabadilishe, ikaja ya mayai na viazi. Kuinama kuchaji simu, kuinuka, sahani nyeupe. "Nilijua hutaki, nikakusaidia."

Lakini hayo yote ningesamehe. Tulipofika kwenye ile kingo ya San Nicolás, jua linazama, Alhambra nyekundu mbele, theluji ya milima ya Sierra Nevada nyuma yake, wakataka picha ya pamoja. Akashikishwa nani simu apige? Na sasa hivi, kabla hajalala, kaitupia kwenye kundi: "Kikosi kamili!" Watu 7. Kamili!

Tushikie na mabegi. Ninyi hebu itamkeni kwa sauti, mwone inavyouma.

Kipanga wa Tandale: Uzi bila picha ya hayo mabegi ni batili.

Mama Ubuyu: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole mwanangu, umeingizwa mjini, tena mji wa watu.

Fundi Saa: Ngoja nielewe. Jina lako hapa umejiita mwenyewe Mbegu Bora, halafu unakasirika kuitwa Bwana Shamba?

Mbegu Bora: Mkuu, tatizo si Bwana Shamba. Tatizo ni "na".

Kipanga wa Tandale: Watu 8, mabegi 8, mtu mmoja. Hiyo si dharau, hiyo ni ajira. Ungemtajia yule bibi bei.

Mjukuu wa Chifu: Mkuu, tarehe 2 Januari 1492 Boabdil, sultani wa mwisho wa hapo, alikabidhi funguo za Granada kwa Ferdinand na Isabella, wafalme wa Kikristo. Alipoteza ufalme mzima, majumba yote, na bustani zote. Hadithi inasema aligeuka nyuma akaangalia mara moja, akalia, mama yake akamsema. Wewe bustani umebakishiwa na bado unalia. Mama yako anajua?

Mbegu Bora: Boabdil hakuambiwa ashike mabegi ya Ferdinand.

Fundi Saa: 😂😂 Hapo umemweza.

Bint Mvita: Afadhali wewe mabegi. Mimi hapo hapo Granada, karibu na kanisa kuu, mama mmoja kanishikisha kitawi cha rosmari. Nikadhani ni ukarimu, nikamshukuru kwa adabu zote za Mombasa. Kumbe keshanishika kiganja anasoma mistari. Kanitabiria watoto watatu na mume mrefu, kisha adai euro 10. Nikampa 5. Akaniangalia, akakisoma tena kiganja, akasema watoto wawili.

Mama Ubuyu: Na mume?

Bint Mvita: Mume hakusema. Nachelea kafupishwa.

Kipanga wa Tandale: Rudi ukamalizie deni, dada. Mtoto wa tatu anateseka huko.

Mbegu Bora: Jamani turudi kwenye mada. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, shati limepigwa pasi...

Chapati Maji: Hakuna aliyeteswa kama mimi. Nimeshuka Jaén saa 8 na nusu mchana, nina orodha ya zawadi za ukoo mzima, shangazi mpaka jirani wa shangazi, basi linaondoka saa 11. Mji mzima umefungwa! Duka, kinyozi, hata paka kalala. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa masaa mawili na nusu na kopo la zeituni. Lilipofunguliwa duka la kwanza, basi hilo linapita.

Fundi Saa: Zawadi wakapata nini?

Chapati Maji: Zeituni. Kila nyumba zeituni 6.

Mtoro wa Maskati: Nyie mnaishi huko lakini masikio mmeyaacha nyumbani. Hiyo "hasta" yao na "hata" yetu zimezaliwa na mama mmoja, hatta ya Kiarabu. Azúcar si sukari? Azafrán si zafarani? Hata aceituna alizogawa Chapati Maji ni zeituni hizo hizo. Na meya wao wanamwita alcalde, ambaye ni kadhi kabisa, kavua kilemba tu.

Kipanga wa Tandale: Sawa profesa. Na "tushikie na mabegi" kwa Kihispania wanasemaje?

Mtoro wa Maskati: Hilo halina tafsiri. Ni urithi wetu.

Mjukuu wa Chifu: Kwa faida ya wengine: ukifungiwa nje ya majumba, pembeni kuna jumba la mfalme Karlo wa Tano. Kwa nje ni mraba, ukiingia ua wake ni duara, na kuingia ni bure. Bwana Shamba angekwenda kukaa humo na mizigo yake.

Mbegu Bora: Mizigo YAKE? Umesema mizigo YAKE?

Bint Mvita: Mwenzangu, ulipokuwa nayo ulifungua lile begi la viatu?

Mbegu Bora: Sikufungua. Mimi ni mtu mwaminifu.

Mama Ubuyu: Ndiyo maana alikupa wewe.

Fundi Saa: Mimi naona mwenye kesi ni yule aliyekula mayai na viazi. Tiketi ni tiketi, lakini mtu anayekula sahani ya mwenzake aliyeinama...

Chapati Maji: Usiniguse hapo. Huyo huyo, na kofia hiyo hiyo, mwaka jana Sevilla alinila pweza. Nilikwenda kunawa mikono.

Mama Ubuyu: Kwa nini uende kunawa ukaacha pweza mezani? Nyumbani kwenu mnakulaje?

Chapati Maji: Mama, unaanza kunitukania nyumbani?

Mama Ubuyu: Nimeuliza tu.

Kipanga wa Tandale: Naleta kiti. Pweza anapikwa kwa nazi au hapana? Tuanzie hapo.

Bint Mvita: Wao wakaanga na mafuta ya zeituni. Mtu wa Pwani hawezi kuhesabu hicho kuwa pweza.

Mtoro wa Maskati: Pweza kavu wa kuchoma, ndimu na pilipili. Nazi ni uvivu.

Bint Mvita: Uvivu?! Wewe jua la Maskati limekuingia kichwani.

Mbegu Bora: Asilimia 2. Kaamka. Ananiuliza kama nina chaja.

Fundi Saa: Usimpe!

Mama Ubuyu: Mpe baba, safari ndefu.

Kipanga wa Tandale: Mwambie chaja iko kwenye mabegi.

Mgeni Njoo: Wakuu, samahani natoka nje ya mada. Nina diploma ya kilimo na nimemaliza digrii mwaka jana. Hizo nafasi za kusoma Córdoba kwa ufadhili mnaombaje? Barua ya mwaliko inatoka kabla au baada ya viza? Mbegu Bora nisaidie mdogo wako.

Fundi Saa: Mbegu Bora simu itakuwa imezima.

Chapati Maji: Na akiwasha hajui kitu, na yeye alijaziwa. Mambo ya fomu anayajua yule mwenye kofia. Sote ndiye aliyetujazia.

Mgeni Njoo: Nampataje?

Bint Mvita: Nakutumia namba yake pembeni. Na ukiwa wakwenda naye mahali, mkoba acha nyumbani.

Mgeni Njoo: Asante dada. Na pweza wa Maskati mimi naunga mkono.