Kubaki kazini, kazi za kuitwa au karakana yangu mwenyewe? Nisaidieni kupima (Lubumbashi, Kongo)

FundiMota
Jambo zenu wakubwa na ndugu. Nina miaka 31, mke na watoto wawili, tumepanga Katuba. Ni fundi umeme katika kampuni ndogo inayopewa kazi na kampuni za madini. Huu ni mwaka wa nne. Kila miezi sita natia sahihi mkataba mpya. Mshahara unaingia, ingawa kuna miezi unachelewa hadi tarehe 15.

Jumamosi na Jumapili nabobina mota zilizoungua, yaani nazisuka upya waya zake, nyingi za vinu vya mahindi. Umeme wetu mnaujua. Fezi moja ikikatika, mota ya fezi tatu haisimami. Inanguruma, inavuta umeme mwingi katika fezi mbili zilizobaki, na mwenye kinu anashtuka moshi ukishatoka. Ndipo ananipigia.

Njia ni tatu: nibaki, niache niishi kwa kuitwa, au nichukue chumba cha barabarani Ruashi pamoja na binamu yangu, na mwenye chumba anataka garanti, yaani dhamana ya kodi, ya miezi sita. Mke wangu anaogopa hiyo ya tatu. Mimi naogopa kuzeekea katika ya kwanza.

MtotoWaKambi
Mudogo, nimekulia kambi ya wafanyakazi, baba yangu alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003 ulipoanza ule mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, waliondoka wafanyakazi zaidi ya 10,000, naye akiwemo. Alipokea pesa yake kwa mkupuo, akanunua minibasi. Baba alilijua tanuru la shaba kama anavyojua sura zetu, lakini usafiri hakuwahi kuufanya hata siku moja. Dereva alileta anachotaka. Mwaka wa pili gari lilikuwa uani juu ya matofali, kuku wanataga kwenye viti vya nyuma.

Sikwambii usiondoke. Wewe unatoka na kazi unayoijua kwa mikono yako, na hilo baba hakuwa nalo. Ninachouliza ni kuhusu binamu: yeye anajua nini katika mota?

MamaDaftari
Ndugu FundiMota, mimi naona umeruka swali la kwanza. Unaiita ajira, lakini umeisoma? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka miwili, na haurudiwi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule, isipokuwa kazi za msimu au kazi maalumu iliyoelezwa wazi. Wewe umetia sahihi mara saba au nane! Hata kibarua wa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Peleka karatasi zako zote kwa mkaguzi wa kazi, akuambie umesimama wapi. Ukiacha leo bila kujua, huenda unaacha haki ya miaka minne mezani.

Tazama pia karatasi ya mshahara. Kwako wanakata 5% ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anapaswa kuongeza 13% juu yake. Nenda kaulize kama kweli umeandikishwa.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kuitwa. Natunza hesabu za maduka matano katika komini za Kenya na Kamalondo, hapahapa mjini. Uhuru ninao, sidanganyi. Lakini nina mteja aliyeniambia "njoo Ijumaa" tangu Machi, na nauli ya Ijumaa zote hizo imetoka mfukoni mwangu. Siku hizi sifungui daftari la mtu kabla nusu ya pesa haijaingia kwenye simu. Nimepoteza wateja wawili kwa hilo, na nalala vizuri.

MamaMpaka
Mwanangu, nina miaka kumi na moja njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naleta unga na ndoo. Nauza kwa faranga, nanunua kwa kwacha na dola. Wiki ambayo Zambia inazuia mahindi kutoka, nakaa nyumbani na watoto wanakula mtaji. Ndiyo biashara hiyo.

Usilipe garanti ya miezi sita. Pesa hiyo ndiyo waya wako, vanishi yako ya kupaka waya, beringi zako. Nimeona vijana wakifungua mlango mzuri, rangi mpya, kibao kikubwa, halafu ndani hakuna hata kilo moja ya waya. Mteja akija mara mbili akakosa, hakurudi tena. Omba kibaraza kwa mwenye duka la vifaa, mlipane kwa mwezi.

Na binamu, muandikishane. Mimi nilifanya kazi na dada yangu wa tumbo moja bila karatasi. Mpaka leo tunasalimiana kwa shida kwenye matanga.

KarataziTayari
Naongeza kidogo. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na humo kuna hadhi ya mjasiriamali mdogo anayejitangaza tu RCCM, yaani daftari la biashara, bila kuunda kampuni. Kwa fundi mmoja inatosha kuanzia. Baadaye, ukitaka kandarasi ndogo za migodi, sheria ya mwaka 2017 inazitenga kazi hizo kwa kampuni zenye mtaji ulio mwingi mikononi mwa Wakongomani. Mlango upo, ila lazima uwe na uwezo wa kungoja malipo.

FundiMota
Asanteni sana. Nimekaa na mke wangu jana, tumefungua daftari langu. Miezi sita: mota 23. Nilidhani ni zaidi. Nne hazijalipwa, na mbili zilirudi kwa sababu niliharakisha, vanishi haikukauka vizuri kabla ya kuzifunga. Hizo mbili zimeniuma, kwani nilizifanya usiku baada ya kazi, macho yamechoka.

MtotoWaKambi, binamu hajui mota. Ana pikipiki na mdomo mzuri kwa wateja. Nitamwambia alipwe kwa kila mota anayoleta, tuache habari ya kugawana karakana. Sijui atapokeaje.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nitakwenda kwa mkaguzi kabla ya kutia sahihi tena. Mama yangu wa mpaka, kibaraza nimepata cha kuulizia, karibu na soko la Ruashi.

MamaDaftari, naomba kitu kimoja: zile nne ambazo hazijalipwa, niziandike wapi? Kama pesa ninayo, au kama pesa imepotea?

MamaDaftari
Ziandike peke yake, ukurasa wa nyuma, jina na tarehe, wala usizijumlishe na kitu chochote. Jumamosi njoo na hilo daftari Kamalondo, tupitie mstari kwa mstari. Njoo na mke wako.