Tupeane uzoefu: ulibadilisha hozi za breki kwenye gari la zamani, ilikuaje?

Kona ya Soni:
Wakuu habari za jioni. Naanza mimi halafu kila mwenye chake ashushe hapa. Nina Corolla 110 ya 1998, huu mwaka wa tisa niko nayo, na hozi za breki, ile mipira inayopitisha mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, ni zile zile ilizokuja nazo toka Japani, sijawahi kuzigusa maana kwa nje zilikua nzima kabisa, hazivuji wala hazina ufa wa kutisha. Mwezi wa nne nilikua nashuka Lushoto, ndani ya gari yupo mama mzazi na watoto wawili, sasa kutoka pale Soni kuteremka Mombo mnaoijua ile barabara mnaijua, huku jabali huku korongo. Gari likaanza kuvutia kulia. Nikasema labda tairi halina upepo, nikaendelea polepole. Kufika Mombo nafungua mlango nikakutana na harufu ya kuungua, nikasogeza mkono kwenye rimu ya mbele kulia, sikuweza hata kuikaribia.

Fundi wa kwanza akabadilisha pedi, siku tatu tatizo likarudi. Wa pili akafungua kalipa, kile chuma chenye pistoni inayobana pedi kwenye diski, akaisafisha na kuweka mipira mipya ya pistoni, wiki moja likarudi tena. Wa tatu ni mzee mmoja huku Tanga, yeye hakubadilisha kitu kwanza. Alinyanyua gurudumu kwa jeki akaweka stendi, akaniambia kanyaga breki achia, akazungusha gurudumu: gumu. Akalegeza ile nati ya juu inayounganisha paipu ya chuma na hozi, akazungusha: bado gumu. Akafunga, akaja chini akafungua nipo ya kalipa, kile kiskrubu cha kutolea mafuta, mafuta yakaruka fyuu na gurudumu likawa jepesi palepale. Akasema umeona, mafuta yamefungiwa humu kwenye mpira, ingekua masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ndio inashikilia basi tulivyolegeza pale juu gurudumu lingeachia.

Alipoitoa ile hozi akaikata kwa kisu mbele yangu. Nje safi, ndani mpira umevimba mpaka tundu limebaki dogo kuliko la sindano ya kushonea. Ndio akanielewesha, ukikanyaga pedali una masta silinda na nguvu za mguu wako mafuta yanapita kwa lazima, ila kurudi hakuna kinachoyasukuma zaidi ya ule mpira wa pistoni unaojirudisha mahali pake, na nguvu yake ndogo sana, kwahiyo yanabaki kule na pedi zinaendelea kubana diski. Nilikaa kimya muda mrefu nikiwaza ile teremko na watoto nyuma. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 205, yakishanyonya unyevu kiwango ni 140 tu, na yakichemka yanatoa mvuke pedali inazama mpaka chini huku gari linaenda. Nilikua karibu kiasi gani sijui.

Tulifunga hozi mpya mbili za mbele, kulia na kushoto, japo kushoto ilikua haijaleta shida. Umri wake ni uleule. Nyinyi je?

Mzee wa Pijo:
Asante kwa kuanzisha hii. Mimi niko Nakuru, nina Pijo 504 pikapu aliyoacha baba, naitunza kama mboni ya jicho. Kwangu shida haikua hozi yenyewe, ilikua kuitoa. Ile nati ya paipu ya chuma ilikua imekaa na kutu miaka mingi, makanika akachukua spana ya kawaida ya mdomo wazi, akavuta mara moja, kona zote za nati zikalika. Akaleta vaisigripu, ile koleo inayojifunga, nati ikazunguka lakini ikazunguka na paipu, paipu ikajikunja kama kamba na kupasuka. Kazi ya saa moja ikawa ya siku mbili, maana ilibidi nitengenezewe paipu mpya kutoka masta silinda mpaka mbele.

Na hapo kwa paipu mpya muwe macho sana. Mwisho wa paipu kuna ile midomo inayotanuliwa, na sio ya aina moja. Magari mengi ya Japani mdomo wake umekunjwa mara mbili kuingia ndani, mengi ya Ulaya mdomo umevimba kama kitunguu kidogo. Ukiweka mmoja mahali pa mwingine unaweza kukaza mpaka ukatoka jasho na bado itavuja. Yangu ilivuja, tukarudia.

Siku hizi kabla sijagusa nati ya breki naipiga brashi ya waya, naipulizia dawa ya kutu jioni, naipulizia tena asubuhi, naiacha hata siku mbili. Na nimenunua spana ya paipu, ile ringi iliyokatwa upande mmoja ipite kwenye paipu, inashika kona nyingi. Hiyo spana ni ya lazima kwa mtu mwenye gari la zamani.

Fundi wa Iyunga:
Mimi ni fundi hapa Mbeya, hii ndio kazi ya kila wiki. Nitasema ninayoyaona.

Kwanza watu wanaponing'iniza kalipa kwenye hozi. Jamani. Kalipa ni chuma kizito, ukiiacha inaning'inia kwenye mpira unavunja nyuzi za ndani na kwa nje huoni kitu. Nina waya kila siku kwenye boksi langu, kalipa ikitoka naifunga kwenye springi. Na ile ya kubana hozi kwa vaisigripu ili mafuta yasimwagike nayo inaua hozi vilevile. Mimi nachukua kijiti nakanyagisha pedali kidogo tu, kama inchi moja, nakibana na kiti, masta silinda inajifunga yenyewe na mafuta hayadondoki hovyo. Toa waya wa betri maana taa za breki zitawaka muda wote.

Pili washa za kopa, zile pete za shaba. Ile bolti ya banjo, yenye tundu la kupitisha mafuta, inayoingia kwenye kalipa ina washa mbili, moja juu moja chini, na zinatakiwa mpya kila unapofungua, kwasababu kopa ndio inayojibana kuziba, ikishabanwa mara moja imeshakua ngumu. Kuna kijana aliletewa hozi mpya kabisa akarudishia washa za zamani, ikawa inalia tone tone, akazidi kukaza, akakaza, bolti ikakatika ndani ya kalipa. Bolti hiyo ina tundu katikati haina nguvu unayoidhania. Kwenye Toyota nyingi ndogo nguvu ya kukaza ni kama 30 Nm (nyutoni mita) hivi, mwenye spana ya kupimia aitumie, asiye nayo asivute kwa mwili mzima.

Tatu hozi isijisokote. Nyingi zina mstari wa rangi au maandishi yaliyonyooka toka mwanzo mpaka mwisho, huo mstari ukiona umezunguka kama kamba iliyosokotwa legeza uanze upya. Halafu funga upande wa paipu kwa mkono kwanza, nyuzi (hesi) tatu nne zikaingia laini bila spana, ndio ukaze. Ukianza na spana unavuka nyuzi, zinaingia kombo.

Na kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta: anza gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani kulia mara nyingi ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, unamaliza mbele kulia. Yapo magari yenye utaratibu wake, kama una kitabu cha gari kifuate. Kikopo cha mafuta kule juu kisikauke hata mara moja, kikikauka unaanza upya.

Dogo wa Gongo la Mboto:
Samahani naomba kuuliza, mafuta yanahitajika kiasi gani? Na nimeambiwa hozi yuzdi (zilizotumika) za Dubai ni orijino kuliko mpya za dukani, ni kweli?

Fundi wa Iyunga:
Mdogo wangu, kama unabadilisha za mbele tu nusu lita inatosha, ukitaka kumwaga ya zamani yote kwenye magurudumu manne nunua lita moja. Chupa iwe imezibwa, ikishafunguliwa mwezi mzima usiitumie. Hozi yuzdi sikushauri hata kidogo. Orijino ya mwaka 1998 imezeeka ikiwa Dubai kama ambavyo ingezeeka hapa. Kwenye mpya angalia maandishi kwenye mpira, nyingi nzuri zimeandikwa jina la aliyetengeneza na tarehe. Isiyo na neno lolote iache dukani.

Mwambao:
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, gari yangu Suzuki Escudo. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu. Mie hozi nilifungiwa mpya, nzuri, lakini ile klipu ya bati inayoishika hozi kwenye kishikio chake pale kwenye shokabzoba ilikua imeoza, fundi akaitupa akasema haina kazi. Ikapita kama miezi miwili, nakata kona nyembamba za mjini nasikia mkwaruzo kila nikizungusha usukani mpaka mwisho. Nikainama kutazama, hozi inagusa tairi, mpira wa nje umeshalika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Ingebaki wiki mbili hivi ingenipasukia.

Basi tangu hapo kila ikifungwa hozi nazungusha usukani mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia, gari ikiwa juu ya jeki na ikiwa chini, naangalia hozi inapita wapi. Na klipu ikioza natafuta nyengine, kitu cha bei ndogo mno.

Cruiser ya Sharqiya:
Salaam ndugu zangu, naandika toka Ibra, Oman. Kwetu wengi tuna Land Cruiser za zamani za kuingilia mchanga wa Wahiba. Yangu ni ya toleo la 80, nikaiinua springi inchi mbili, nikafurahi nayo, hozi sikuzifikiria. Kuna hozi moja ya nyuma inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye eksili. Gari ikiwa imesimama sawa huoni tatizo. Siku moja gurudumu la nyuma likaning'inia juu ya tuta la mchanga, rafiki yangu akaniita njoo uone, hozi imenyooka kama uzi wa gitaa. Hatukuendelea. Tulirudi taratibu, nikaagiza ndefu zaidi.

Kwahiyo mwenye gari iliyoinuliwa, nyanyua chesisi mpaka magurudumu yaning'inie kabisa ndio upime urefu. Ya kati pale nyuma watu wanaisahau, wanabadilisha za mbele wanasema wamemaliza.

Mama Tax:
Naendesha teksi Morogoro, Carina ya zamani. Mimi sio fundi ila niliumia. Mafuta ya breki yalipungua usiku, kuna kijana kituoni akanisaidia kuongeza, kumbe aliweka mafuta ya haidroliki ya usukani. Nilimshukuru na kumpa hela ya soda. Wiki haikuisha breki zikaanza kunata zote nne, pedali ikawa ngumu. Fundi kufungua kifuniko cha kikopo, mpira wake umevimba umekua mkubwa kuliko kifuniko chenyewe. Ikabidi hozi zote, mipira yote ya kalipa, wil silinda (zile silinda ndogo za kwenye magurudumu) na masta silinda, paipu zikaoshwa. Siku kumi na moja sijaingiza hata shilingi na ada ya mtoto ilikua inadaiwa.

Sasa hivi chupa ya DOT 3 iko kwenye buti yangu mwenyewe na kifuniko nafungua mwenyewe. Mtu asikuguse hapo.

Fundi wa Iyunga:
Dada pole sana, na fundi wako alifanya sahihi kubadilisha vyote. Mipira ya breki za magari yetu inakubaliana na mafuta ya DOT 3 na DOT 4, mafuta ya injini au ya haidroliki yanaivimbisha na hairudi tena hata uioshe vipi. Na wakati wa kumimina yasidondokee rangi ya gari, yakidondoka mwaga maji mengi palepale.

Kona ya Soni:
Nimesoma kila mmoja. Nimetoka nje na tochi saa hii hii kuangalia klipu, zipo mbili zote. Mstari wa hozi ya kushoto umenyooka, wa kulia naona umezunguka kidogo, kesho namrudia mzee alegeze aweke washa mpya.

Baada ya kufunga, jioni ile tulikanyaga pedali kwa nguvu nikaishikilia kama dakika nzima injini ikiwa inaunguruma, haikuzama, mzee akawa anapitisha kidole kwenye kila kiungo. Usiku nikatandika karatasi nyeupe chini ya magurudumu, asubuhi kavu. Jumapili nikapanda Lushoto peke yangu, kushuka nikasimama Soni, nikasimama tena Mombo, nikagusa rimu zote mbili za mbele. Zina joto sawa.

Zangu za nyuma ni zile zile za 1998. Nataka kuzitoa Jumamosi ila nati zake zina kutu nyekundu kabisa na mzee hana ile spana ya paipu, anatumia ya kawaida, na baada ya kusoma ya Nakuru siwezi kumruhusu. Kuna mtu wa Tanga anayo namba kumi?

Mvuvi wa Pongwe:
Ninayo mkuu. Zipulizie dawa leo na kesho, Jumamosi asubuhi nakuja nayo.