Mzee anafikisha 65 Novemba, yuko COBRA, na anataka kukaa Tanga nusu mwaka: Medigap au Advantage?

binti_chumbageni (Houston), 9 Septemba 2025

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi) vizuri. Simu za mawakala zimeanza kumiminika na kila mmoja ana lake.

Baba anatimiza miaka 65 tarehe 14 Novemba. Krediti zake 40 za Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani; krediti hupatikana kwa kufanya kazi na kuchangia) zimetimia. Aliacha kazi Juni, na tangu hapo yeye na Mama wako kwenye COBRA (kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia baada ya kuacha kazi) ya mwajiri wake wa zamani, itakayokwisha Desemba 2026. Pensheni ya Social Security hajaanza kuichukua. Ana presha na sukari: amlodipine na metformin, insulini hatumii. Nia yake ni kukaa Tanga kila mwaka, Desemba hadi Juni.

Mama ana 64, atafikisha 65 Agosti 2026. Grinkadi yake ni ya 2023 na hajawahi kuajiriwa hapa Marekani.

Wakala mmoja kasema Baba asubiri COBRA iishe. Mwingine anasukuma Advantage (plani ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya kawaida) ya dola 0 kwa mwezi, akidai mwisho wa kuamua ni 7 Desemba. Tumsikilize nani? Na Mama nimeambiwa asubiri miaka 5 ya grinkadi, ni kweli?

---

mzee_wa_fomu (Columbus)

Dada, kati ya hao wawili usimsikilize hata mmoja. Tuanze na COBRA, ndiyo yenye hatari kubwa.

COBRA haihesabiwi kuwa bima ya mtu aliye kazini, kwa hiyo haimpi ruhusa ya kuchelewa Medicare bila adhabu. Dirisha la Baba la kujiandikisha Medicare ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Kwake ni Agosti 2025 hadi mwisho wa Februari 2026. Akisubiri COBRA iishe Desemba 2026, atajiandikisha Januari hadi Machi 2027, na Sehemu B (ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu ya nje) itaanza mwezi unaofuata. Akijiandikisha Machi atakuwa amechelewa zaidi ya miezi 12, kwa hiyo anaongezewa asilimia 10 kwenye ada ya Sehemu B. Kwa ada ya 2025, dola 185, hiyo ni dola 18.50 kila mwezi, na haiondoki maisha yake yote. Tena mtu akishafikia sifa za Medicare, COBRA inaweza kukataa kulipa kile ambacho Sehemu B ingelipa. Bili anabaki nayo mwenyewe.

Kwa kuwa hachukui pensheni, hakuna atakayemwandikisha. Aingie tovuti ya Social Security aombe Medicare peke yake, kabla Oktoba haijaisha, Sehemu B ianze 1 Novemba. Akijiandikisha ndani ya Novemba, itaanza 1 Desemba.

Sasa tarehe 7 Desemba. Kipindi cha 15 Oktoba hadi 7 Desemba ni cha watu ambao tayari wako Medicare, wanaobadilisha Advantage au bima ya dawa. Medigap (bima ya nyongeza inayolipa kile Medicare inachokuachia) haihusiki nacho. Dirisha la Medigap ni miezi 6, linaanza siku Sehemu B inapoanza ukiwa na miaka 65 au zaidi: kwa Baba, 1 Novemba hadi 30 Aprili 2026. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya sukari. Likifungwa, Texas hakuna dirisha dogo kama la Simba na Yanga: ukiacha hali chache zenye ulinzi wa sheria, kampuni itamuuliza maswali ya afya na ina haki ya kumkataa. Na Aprili atakuwa wapi? Tanga. Fomu ijazwe kabla hajapanda ndege.

---

karani_wa_bili (Dallas)

Mzee wa Fomu kamaliza upande wa tarehe. Mimi niongeze upande wa pesa.

Medicare yenyewe, bila kitu juu yake, ina matundu mawili makubwa. Kulazwa hospitali kuna kianzio (pesa unayotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa) cha dola 1,676 kwa mwaka 2025, na hicho si cha mwaka: ukitoka, zikapita siku 60, ukalazwa tena, unakilipa upya. La pili ndilo linalofilisi watu. Sehemu B, baada ya kianzio cha dola 257 kwa mwaka 2025, inalipa asilimia 80. Ile 20 ni yako na haina kikomo. Matibabu ya saratani ya wagonjwa wa nje yaliyokubaliwa na Medicare kwa dola 60,000 yanakuachia 12,000.

Medigap inaziba matundu hayo. Kwa Texas plani zinaitwa kwa herufi, na herufi moja ina mafao yaleyale kila kampuni. Plani G ya kampuni ghali na Plani G ya kampuni rahisi zinalipa bili ileile, kwa daktari yeyote anayepokea Medicare. Kwa hiyo usinunue jina. Uliza bei, uliza wameipandisha kiasi gani miaka mitano iliyopita, na uliza bei inapangwaje: kwa umri uliojiunga nao, au inapanda kadiri unavyozeeka? Hiyo ya mwisho huanza kwa bei tamu na kukuumiza ukifika 75.

Plani F wasimtajie kabisa, aliyefikia sifa za Medicare kuanzia 1 Januari 2020 hauziwi. Zimebaki G na N za kupimana. G inalipa yote isipokuwa kile kianzio cha dola 257. N nayo hailipi kianzio hicho, ina malipo ya hadi dola 20 ukimwona daktari, hadi 50 ukienda dharura usilazwe, na haigusi ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali kiwango cha Medicare anaruhusiwa kutoza. Piga hesabu: N ikiwa rahisi kwa dola 30 kwa mwezi, unaokoa 360 kwa mwaka, sawa na kumwona daktari mara 18. Mtu wa presha na sukari anayekaa Marekani miezi mitano hafiki mara 18. Mimi ningeangalia N kwanza, mradi madaktari wake wote wanakubali kiwango cha Medicare. Wapigie karani wa bili, siyo mapokezi.

Kuhusu sukari: kampuni inaweza kuchelewesha kulipia ugonjwa uliokuwepo kwa hadi miezi 6. Hapa COBRA ina faida, miezi aliyokuwa na bima inapunguza kungoja huko, ilimradi asikae bila bima zaidi ya siku 63. Aombe barua ya uthibitisho, na asiikate COBRA yake mpaka Medigap ianze.

---

nahodha_mstaafu (Seattle)

Naona Advantage inapigwa mawe kabla haijasikilizwa. Ina kikomo cha mwaka, 2025 hakizidi dola 9,350 ndani ya mtandao wake wa madaktari, na nyingi zinaweka dawa, meno na miwani humohumo. Medigap haina meno wala miwani, na ada yake ni juu ya ile 185. Mzee asiyeweza kulipa ada tatu kila mwezi (Sehemu B, Medigap, dawa) ni bora awe na Advantage kuliko kubaki na Medicare tupu. Mwenye kipato cha chini kabisa aulize kwanza Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na mipango ya jimbo ya kulipiwa ada ya Sehemu B. Huyo hahitaji Medigap.

Ila kwa Baba huyu, nakiri, safari zake zinaiua hoja yangu. Kwa kawaida Advantage inakuondoa ukiwa nje ya eneo lake zaidi ya miezi 6 mfululizo. Desemba hadi Juni ni saba. Atarudi Houston akute kaondolewa, dawa na vyote, aanze kuhangaika upya. Bado hatujagusa vibali vya awali kabla ya kipimo kikubwa.

Kama tayari kuna mtu kamsainisha Advantage, msihamaki: aliyejiunga nayo mara ya kwanza alipofikisha 65 ana miezi 12 ya kurudi Medicare ya kawaida na kununua Medigap bila maswali ya afya.

---

binti_chumbageni

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko wiki tatu za simu. Mawili yamebaki: akiugua Tanga, Medigap inalipa? Na Mama?

---

karani_wa_bili

Medicare yenyewe hailipi Tanzania. G na N zina fao la dharura nje ya nchi: baada ya kianzio cha dola 250 inalipa asilimia 80, mwisho dola 50,000 kwa maisha yote. Lakini sikiliza neno hili: dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Akiondoka 1 Desemba, ikifika Februari hana kitu. Na hata ndani ya siku hizo, ajiandae kulipa kwanza yeye, kisha adai. Risiti ya "matibabu, shilingi laki nane" haitoshi: wachanganue kila huduma na tarehe, pamoja na ripoti ya daktari. Miezi iliyobaki akate bima ya safari, isome kama inakubali sukari.

Dawa: bima ya Sehemu D hailipii dawa iliyonunuliwa Tanga. Aombe mapema dozi ya siku 90 na ruhusa ya ziada ya safari. Kuchagua plani ya D, ingiza kila dawa na miligramu zake kwenye tovuti ya Medicare, kisha linganisha jumla ya mwaka, siyo ada ya mwezi.

---

mzee_wa_fomu

Mama: miaka 5 ya grinkadi ni kwa asiye na krediti zake wala za mwenzi. Mama anaweza kupata Sehemu A (ya kulazwa hospitali) bila ada kwa krediti za Baba, kwa kuwa Baba ameshapita 62 na ndoa imezidi mwaka mmoja, na Sehemu B inafuata hapo. Waende Social Security kuanzia Mei 2026 na cheti cha ndoa. Kama kilipotea, anzeni kukitafuta nyumbani sasa. Baba akitoka COBRA, Mama anaweza kubaki, haki hiyo ni ya kila mtu peke yake. Medigap nayo haina ya familia, Mama atanunua yake.

Walioingia kama wakimbizi (ndugu zetu wa Kongo na Burundi mnaosoma) washughulikie grinkadi: sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicare wakimbizi wasio na grinkadi.

Dada, jambo la mwisho ambalo wasafiri hulisahau. Kwa kuwa Baba hachukui pensheni, bili ya Sehemu B itakuja kwa posta Houston kila miezi mitatu, yeye yuko Tanga. Isipolipwa, Sehemu B inakatwa. Ajiunge na Medicare Easy Pay, benki ikatwe yenyewe. Inachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo bili ya kwanza mlipe kwa mkono. Maswali mengine pigeni 1-800-633-4227, mwombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Ushauri wa ana kwa ana usio na kamisheni, kwa Texas uliza HICAP.

---

binti_chumbageni

Maombi ya Social Security tunajaza Jumamosi hii. Nikipata bei za G na N nazileta hapa mnisaidie kuzisoma.