Mteremko wa kiti cha magurudumu kwenye kiwanja cha futi 40 kwa 60

Mjenzi wa Kisauni:
Assalamu alaykum. Ninakusudia kujenga nyumba ya kupangisha ya ghorofa mbili, bila lifti, na mchoraji amenirudishia ramani akisema nyumba za chini lazima zifikike kwa kiti cha magurudumu. Kwa kuwa mtaa wetu hujaa maji wakati wa masika, sakafu tumeiinua inchi 18, na naona mteremko utaumeza uwanja wote wa mbele. Je, siwezi kuuongeza baadaye, akipatikana mpangaji anayeuhitaji?

Mchoraji wa Pwani:
Wa alaykum salaam. Baadaye utakuwa umechelewa. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila inchi ya kimo hudai futi nzima ya mwendo, kwa hiyo inchi zako 18 ni futi 18. Usiuelekeze barabarani, ulaze sambamba na ukuta wa mbele, uishie kwenye baraza lenye upana wa futi 5, ili kiti kipate kugeuka mlangoni. Baraza unalo tayari kwenye ramani, ila limewekwa kama pambo tu.

Binti wa Likoni:
Ndugu yangu, mteremko sisi tulikuwa nao. Kilichotushinda ni choo. Mlango ulikuwa wa futi mbili na nusu, na ukishatoa fremu, marehemu mama alipita akiwa amebana viwiko, na bado vifundo vya vidole vilichubuka. Kisha palikuwa na kizingiti cha kuzuia maji, ambacho kila mara kilitulazimu kukiinamisha kiti nyuma huku yeye ameshikilia leso yake. Tulipoamua kubomoa, fundi akakuta bomba la maji limepita humo humo ukutani. Weka mlango wa futi tatu unaofunguka nje, na maji yazuiwe kwa sakafu iliyoinama kuelekea tundu la kutolea maji.

Mjenzi wa Kisauni:
Ahsante, dada, na Mola amrehemu mama. Je, ghorofa za juu nazo zinahusika?

Mchoraji wa Pwani:
Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kiasi kinachowezekana, na pasipo lifti kinachowezekana ni chini. Sheria ya makazi ya Marekani ya 1988 inafuata mantiki hiyo: jengo jipya lenye nyumba nne au zaidi, likikosa lifti, hubanwa kwenye nyumba za chini pekee. Kwa hiyo usizigeuze zote za chini kuwa maduka na maegesho, kama ilivyo desturi yetu hapa mjini. Hata hivyo, za juu zitaguswa, kwa sababu vyoo hupangwa kimoja juu ya kingine ili mabomba yashuke wima; ukikipanua cha chini, nguzo na kuta za juu hufuata.

Mjenzi wa Kisauni:
Basi fundi nitamzuia asimwage zege la msingi mpaka ramani ichorwe upya.