Nyuso zilizopakwa weusi kwenye vichekesho vya Korea: wapimwe kwa kipimo cha nani?

Mkunguni
Wakuu, ubishi huu umeanza kwenye mada ya sizoni, naomba tuuhamishie hapa. Tarehe 19 Aprili 2017, kituo cha televisheni cha SBS cha Korea Kusini walirusha kipindi chao cha vichekesho na mchekeshaji Hong Hyun-hee akatokea amejipaka rangi nyeusi, akiigiza mtu wa kabila la Afrika. Studio ikacheka. Sam Hammington, Mwaustralia aliyejulikana kupitia vichekesho vya huko huko, akaandika kwamba anaona aibu kuwa aliwahi kufanya kazi hiyo. SBS wakaomba radhi na kukiondoa kipande mtandaoni.

Swali langu ni moja. Korea haikuwa na meli za watumwa wala mashamba ya pamba. Ni haki kumpima mchekeshaji wa Seoul kwa historia ya utumwa wa Mississippi, Marekani?

Kasuku wa Bara
Hilo la "hawana historia hiyo" linasemwa kila mara na halina miguu. Maigizo ya Wazungu kujipaka masizi na kuwaigiza watumwa yalishamiri Marekani kuanzia miaka ya 1830, na yalisafiri na jeshi lao. Mwaka 1854 mabaharia wa Commodore Perry wa jeshi la majini la Marekani waliyaonyesha kwa maofisa wa Japani, juu ya meli ya kivita. Korea Kusini nako majeshi ya Marekani yaliingia 1945, na televisheni ya wanajeshi hao ilianza kurusha matangazo 1957. Watu walikuwa wanaona.

Halafu kuna wale wachekeshaji wawili wa kituo cha KBS wa miaka ya 1980, Lee Bong-won na Jang Doo-seok, na kile kipande chao cha nyuso nyeusi kilichoitwa Sikeomeonseu. Kiliondolewa kuelekea Olimpiki ya Seoul 1988, na sababu iliyosemwa ni kwamba wageni wa mataifa yote wanakuja. Ukiona mtu anafagia ua kwa sababu wageni wako njiani, usiniambie hakujua kuwa ua ni mchafu.

Mlandege
Kasuku, uchafu gani? Unawatukana watu wa nchi nzima kwa kosa la wachekeshaji wawili. Nyinyi ndio mnaojifanya polisi wa dunia. Mchekeshaji mwenzao Hwang Hyun-hee alijibu vizuri tu wakati ule: kama kuigiza mtu mweusi ni kumdhalilisha, basi na wale wahusika wajinga wa vichekesho vya zamani, Yeonggu na Maenggu, wanawadhalilisha wenye ulemavu wa akili? Hakuna aliyemjibu kwa hoja.

Na hata yule Mghana aliyejulikana kwenye televisheni ya huko, Sam Okyere, alijitakia. Angewaambia Wakorea kwa Kikorea, yasingemkuta.

Binti Mvita
Kaka Mlandege, Okyere aliandika kwa Kikorea. Soma kwanza ndipo uhukumu.

Agosti 2020 wanafunzi wa sekondari ya Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, walipiga picha za kumaliza shule wakiwaiga wale wabeba jeneza wa Ghana waliovuma mitandaoni. Suti, jeneza, na nyuso zimepakwa weusi. Okyere aliandika kwa upole, kwa Kikorea: naelewa mnataka kuiga, lakini kuna haja gani ya kupaka rangi usoni? Ametoka Ghana mwaka 2009 kwa ufadhili wa serikali ya Korea na amesoma chuo kikuu huko. Lugha anaijua.

Mlandege
Mbona unaficha nusu? Chini yake aliandika Kiingereza, na Kiingereza kile hakikuwa na upole huo. Kilizungumzia ujinga na haja ya kuwaelimisha watu. Mtu akikusalimia kwa heshima kwa lugha yako, kisha akageuka na kukusema mbele ya majirani, utamwitaje? Akabandika na alama ya mtandaoni ya udaku wa K-pop ili dunia nzima ije kushangilia.

Binti Mvita
Sifichi. Tofauti ya maandishi yale mawili ndiyo iliyowasha moto, na ile alama ya udaku ilikuwa kosa. La tatu hukulitaja: aliweka picha za watoto wa shule bila kuficha sura zao, na katika nchi inayojali sana haki ya mtu juu ya picha yake, hilo peke yake lilitosha kumponza. Tarehe 7 Agosti akaomba radhi.

Ila angalia kilichotokea. Baada ya radhi yake hakuna aliyerudi kwenye swali la rangi usoni. Mjadala wote ukawa Okyere ni mtu wa namna gani. Watu wakafukua maandishi yake ya zamani, na kufikia Septemba alikuwa ameondoka kwenye kipindi cha kituo cha MBC Every1 alichokuwa akishiriki.

Mlandege
Walifukua kwa sababu kulikuwa na cha kufukua. Kwenye kile kipindi cha kituo cha JTBC cha vijana wa mataifa mbalimbali alivuta macho kwa vidole yawe membamba. Anayevuta macho ya wenzake ana ulimi gani wa kusema rangi?

Fundi Hariri
Mnapigana juu ya mtu mmoja na kuiacha kazi yenyewe. Naomba niseme kipindi cha vichekesho Korea kinavyopikwa, kwa sababu wengi mnadhani ni mtu kalipuka jukwaani.

Chukua Gag Concert ya KBS, iliyoanza Septemba 1999. Wachekeshaji wanabuni kipande pamoja na waandishi wa kipindi. Wanakipeleka kwa mwongozaji, nacho kinakataliwa, kinarudishwa au kinapita. Kikipita kinafanyiwa mazoezi, kisha kinarekodiwa mbele ya watazamaji. Rekodi ilikuwa Jumatano na kipindi kinarushwa Jumapili, na katikati hapo kuna uhariri. Kipande ambacho hakikuchekesha kinakatwa chote, hakuna anayekiona. Hapo kuna ukaguzi wa ndani wa kituo kabla ya kurusha.

Sasa hesabu: mpambaji kapaka rangi mwili mzima, mtu wa mavazi kashona, mwongozaji kaona kwenye mazoezi, kamera imekaribia uso, mhariri kachagua picha hiyo. Wote hao walikuwa na nafasi ya kusema hapana. Kwa hiyo kumlaumu Hong Hyun-hee peke yake ni kumwonea, na kusema "ni mzaha tu" ni kuwasafisha waliokaa naye mezani.

Kwenye vipindi vya burudani ni wazi zaidi. Yale maandishi ya rangi yanayoruka kwenye skrini hayatoki kwa msemaji, yanaandikwa na timu baada ya kurekodi. Mgeni akikosea Kikorea, wanaandika kosa lake kama alivyolitamka, kwa herufi kubwa, na kulitilia mlio. Angeweza kuandikiwa sentensi iliyonyooka. Hapo ndipo dhana ya "mgeni mjinga" inapojengwa, na watazamaji hawaoni mkono wa mjenzi.

Mlandege
Fundi, shule nzuri, lakini sikuuliza uhariri. Nimeuliza kwa nini Okyere alivuta macho.

Katanga Juu
Ndugu zangu, mbona mnamtaja Mghana tu? Huko Korea yupo Jonathan Yiombi, mtoto wa Kongo yetu. Baba yake, Yiombi Thona, aliingia Korea 2002 akiikimbia serikali, akasubiri hadi 2008 ndipo akatambuliwa kuwa mkimbizi, baadaye akafundisha chuo kikuu Gwangju. Mtoto kakulia hapo. Leo anachekesha kwa lahaja ya Jeolla, ile ya kwao kusini-magharibi, na kwa kuijua historia ya Korea kuliko waliomwalika. Watu wanacheka pamoja naye. Uso wake ni ule ule mweusi, hakuna aliyehitaji kuupaka.

Kasuku wa Bara
Asante Katanga. Anayejua anachokiigiza hahitaji masizi. Anayehitaji masizi hana kingine cha kuonyesha.

Pwani Tambarare
Mimi nashangaa jambo moja. Mnaikamia Korea na jirani yake mmemwacha. Tarehe 15 Februari 2018, kwenye tamasha la mwaka mpya la CCTV, televisheni ya dola ya China, walifanya mchezo kuhusu SGR yetu ya Mombasa–Nairobi. Mwigizaji wa Kichina, Lou Naiming, kapakwa weusi, kawekewa makalio ya kubandika, kabeba matunda kichwani, na pembeni yake mtu wa Afrika kavalishwa ngozi ya nyani. Mama huyo anasema anavyoipenda China. Hiyo ni reli tunayoipanda sisi! Kuna aliyeandamana?

Mlandege
Hapo Pwani umesema. Kelele ni kwa Korea kwa sababu mnaangalia sizoni zao.

Binti Mvita
Kelele zilikuwepo, na zilianzia kwa Wachina wenyewe mtandaoni. Msemaji wa wizara yao ya mambo ya nje akaulizwa, akasema China inapinga ubaguzi wa aina zote. Halafu Februari 2021 tamasha lile lile likatoa wachezaji ngoma waliopakwa weusi, miaka mitatu tu baadaye.

Tofauti na Korea ni mlango wa kulalamikia. Tamasha la CCTV ni la dola, mtazamaji hana pa kubisha hodi. Korea pa kubisha papo.

Mtaratibu
Papo, na nitaeleza pakoje kwa sababu watu huishia kutukanana mitandaoni.

Korea wana tume ya kukagua maudhui ya utangazaji, iliyoundwa 2008. Kanuni zake zina kifungu cha 31: utangazaji usikuze dhana potofu kuhusu rangi, kabila au taifa fulani, wala usidhihaki tamaduni za wengine. Mtazamaji analalamika mtandaoni au kwa simu 1377, akitaja kituo, kipindi, tarehe na dakika. Bila dakika, lalamiko linazunguka. Linaingia kamati ndogo. Makosa madogo yanaishia ushauri au pendekezo, ambalo halina meno. Likiwa kubwa linapanda mkutano mkuu, na adhabu yake hukatwa kwenye alama za kituo wakati wa kuhuisha leseni: tahadhari alama 1, onyo 2, kuamriwa kurekebisha 4, faini 10. Leseni inataka alama 650 kati ya 1,000. Kwa hiyo kituo kinaogopa onyo kuliko kelele za mtandaoni.

Nje ya hapo sheria ni tupu. Walitia saini na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi, 1978 hiyo, lakini sheria kuu ya kupinga ubaguzi ilipendekezwa mara ya kwanza 2007 na haijapita bungeni hadi leo. Mwaka 2009 mahakama ya Bucheon ilimtoza mtu faini ya won milioni 1 kwa kumtukana Mhindi ndani ya basi, ila ilitumia kosa la kawaida la matusi. Kosa hilo linataka mtu mahususi aliyetukanwa. Mchekeshaji anayeidhihaki Afrika nzima hamtukani mtu yeyote kisheria.

Mlandege
Kabla ya kuwafundisha Wakorea sheria, tuanze na nyumbani. Vichekesho vyetu vimejaa Mhindi wa dukani, Mchina asiyejua kutamka "r", Mmasai mlinzi. Nani anapiga simu?

Pwani Tambarare
Kenya sheria ipo, ya mshikamano wa kitaifa ya 2008, iliyotokana na damu ya baada ya uchaguzi. Anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka mitatu. Lafudhi za makabila bado ziko jukwaani kila wiki kwa sababu mchekeshaji na mtazamaji wote wamo ndani ya mzaha. Mchina wa barabarani hayumo. Hapo Mlandege ana haki.

Fundi Hariri
Basi mtazameni Blanka. Mwaka 2004, KBS, mchekeshaji Jung Chul-kyu alijifanya mfanyakazi kutoka Sri Lanka, na kauli yake ya kila wiki ilikuwa kwamba bosi ni mbaya. Lengo lilikuwa zuri: kuwasuta wenye viwanda wanaowadhulumu vibarua wa kigeni. Watu wengi walianza kuzungumzia mishahara isiyolipwa. Ila lafudhi ikakumbukwa kuliko dhuluma, na Blanka likageuka jina la kumtania kila mtu wa Asia Kusini. Aliyekuwa akiigizwa hakuwa jukwaani, hakuwa kwenye meza ya waandishi, hakuwa na mahali pa kuubadilisha mzaha ulipoharibika. Nia njema haikuziba pengo hilo.

Mkunguni
Wakuu, turudi kwenye swali. Kipimo cha nani?

Kasuku wa Bara
Cha kwao. Mei 2024 wachekeshaji wa Psick University, wa YouTube, walikwenda wilaya ya Yeongyang, Gyeongsang Kaskazini, wakakejeli chakula na ukimya wa kijiji mbele ya wenyeji waliowapokea. Wakorea waliwaka. Zaidi ya watu laki moja waliacha kuwafuatilia ndani ya siku chache, video ikaondolewa, radhi ikaombwa. Hakuna Mmarekani aliyewafundisha kwamba kumcheka mnyonge mbele ya uso wake ni ukosefu wa adabu. Wanajua. Swali ni kwa nini adabu hiyo inaishia Yeongyang na haifiki Prampram, Ghana, kwa wale wabeba jeneza.

Mlandege
Yeongyang ni watu wao, walipiga kelele wenyewe. Okyere angekuwa na watu wake huko asingezimwa. Na bado hamjanijibu kuhusu macho.

Binti Mvita
Kuvuta macho ni kosa, alilifanya kwenye kipindi kilichohaririwa, na JTBC walilirusha. Nimekujibu. Sasa na wewe nijibu: waliokata, wakaacha, wakarusha, mbona hujawataja hata mmoja?

Mlandege
Gag Concert ilifungwa Juni 2020, ikarudi Novemba 2023. Nitajie uso mmoja uliopakwa tangu irudi.

Mtaratibu
Vijana wa vichekesho wengi wamehamia YouTube, Mlandege. Huko kifungu cha 31 hakifiki, na hakuna leseni ya kukatiwa alama.