Sahara iliwahi kuwa kijani bila viwanda. Basi joto la leo si la asili pia?

Mdadisi_wa_Mvua:
Wakuu, habari za leo. Sahara ilikuwa na nyasi na viboko miaka 11,000 hadi 5,000 hivi iliyopita, na hakuna aliyekuwa akichoma mafuta. Barafu ya Kilimanjaro nayo ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya magari kujaa. Kwa nini tusiseme joto la leo ni zamu ya asili kama zile? Naomba vipimo vinavyotenganisha mambo haya, si kuambiwa tu kwamba wanasayansi wamekubaliana.

Upepo_wa_Kusi:
Mkuu, Sahara ya kijani ni kweli, na chanzo chake kinajulikana. Mhimili wa dunia huyumba kama pia ya watoto inapozunguka, na kuyumba huko hubadilisha majira ambayo dunia huwa karibu na jua. Wakati ule ukaribu uliangukia kiangazi cha kaskazini, mvua za monsuni zikapanda hadi jangwani. Lakini mzunguko huo huchukua zaidi ya miaka 20,000. Hauwezi kupandisha joto la dunia kwa zaidi ya digrii 1 ndani ya karne moja na nusu.

Sasa chukua kalamu, tuone hewa ya ukaa, ambayo hunasa joto, inaongezwa na nani. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kutengeneza saruji, binadamu hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kwa mwaka, bila kuhesabu ukataji misitu. Kiwango cha hewani kikipanda kwa sehemu 1 katika milioni, hiyo ni kama tani bilioni 7.8. Gawanya, unapata 4.7. Lakini vipimo vya Mauna Loa kule Hawaii, vilivyoanza mwaka 1958 vikiwa kwenye 315 hivi na sasa vimepita 420, vinaonyesha ongezeko la karibu 2.5 tu kwa mwaka. Maana yake bahari na mimea, kwa jumla, vinameza karibu nusu ya tunachotoa. Kama asili ingekuwa inaongeza, tungesoma zaidi ya 4.7. Hapo hoja ya asili inakwama, na sioni pa kuikwamulia.

Kuna na alama nyingine: kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho. Hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo makaa ya mawe, yenye umri wa mamilioni ya miaka, hayana tena. Kadiri tunavyoyachoma, ndivyo kaboni-14 ya hewani inavyozimuliwa.

Kreta_ya_Kaskazini:
Hesabu iko sawa, ila kaboni-14 peke yake haitoshi. Gesi ya volkeno nayo haina kaboni-14, kwa hiyo mbishi atakuponyoka hapo. Mbane kwa kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida. Mimea huikwepa kiasi, hivyo makaa na mafuta, ambayo asili yake ni viumbe hai vya kale, vina kaboni-13 chache. Gesi ya volkeno ina nyingi kuliko hewa yenyewe. Vipimo vinaonyesha sehemu ya kaboni-13 hewani inashuka, volkeno ingeipandisha. Oksijeni pia inapungua kidogo kidogo, jambo linalotokea kitu kinapoungua. Tena volkeno zote pamoja hazifikii asilimia 1 ya tunachotoa. Mlipuko wa volkeno ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 hata uliipoza dunia kwa takribani nusu digrii, kwa sababu ya salfa uliyorusha juu.

Kilimanjaro muiache, kwa pande zote mbili. Eneo la barafu lilikuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 lilikuwa chini ya 2. Lakini kule juu baridi iko chini ya sifuri karibu mwaka mzima. Barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali, na theluji ya kuifidia imekuwa haba tangu ukame wa mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kupima joto la dunia, ni shahidi dhaifu.

Mdadisi_wa_Mvua:
Nimeelewa, asanteni. Na jua lenyewe je? Si linaweza kuwa limeongeza ukali?

Upepo_wa_Kusi:
Setilaiti zinalipima tangu 1978. Nguvu yake hupanda na kushuka kwa takribani asilimia 0.1 kila miaka 11, na kwa muda wote huo haijaonyesha kupanda. Zaidi ya hapo, jua likizidi hupasha anga lote, chini na juu. Tunachopima ni kinyume: tabaka la chini linapata joto, lile la juu yake linapoa. Sehemu ya kupoa huko ilitokana na kuharibika kwa ozoni, ambako nako ni kazi ya binadamu. Ukiipata grafu ya jua ya tangu 1978, ilaze juu ya ile ya joto la dunia uone zinavyoachana.