Acheni kuandika 4K kwenye boksi la kamera kama mnaikatakata!

Wakuu, leo sizunguki. Kampuni za kamera zinatuchezea sisi tunaonunua mirolesi (kamera zisizo na kioo ndani) za bei ya chini.

Boksi la kamera yangu limeandikwa 4K, yaani video kali kuliko ile ya kawaida ya 1080, kwa herufi kubwa. Haya, nimefunga lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 15-45, nikawasha 4K: picha ikajivuta yenyewe! Watu wa pembeni wote wametoka nje ya fremu. Kumbe kamera haisomi sensa nzima (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga), inachukua kipande cha katikati tu. Sensa ya APS-C (ndogo kuliko fulu fremu, ile ya ukubwa wa filamu ya milimita 35) tayari inakata mara 1.6, halafu 4K inakata tena kiasi hicho hicho juu yake. Ile milimita 15, ambayo kwenye picha za mnato inaona kwa upana wa 24 ya fulu fremu, sasa inaona kama 38. Jirekodi umenyoosha mkono uone, uso unajaa skrini yote.

Tena hilo ni dogo. Ukiingia 4K, fokasi ya haraka inazimwa! Inabaki ya kupapasa: lenzi inakwenda mbele, inarudi, uso unafifia na mtu yuko katikati ya maneno yake. Rudi 1080, fokasi inashika jicho na haiachii. Kama prosesa haimudu 4K, semeni hapo hapo kwenye boksi, si kuficha kwa maandishi madogo ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa picha za mnato hii kamera ni nzuri kweli. Megapikseli 24, faili za RAW (picha ghafi) unazing'arisha sehemu za giza bila kuharibika, na kwenye kitafutio (kidirisha cha kuchungulia) unaona mwanga utakaotoka kabla hujabonyeza, kitu ambacho kioo cha DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, hakikupi. Nyepesi, unashinda nayo shingoni.

Betri sitaki hata kuigusa, video kidogo tu imekata. Kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili wa kamera hakuna, cha kidijitali kipo lakini nacho kinakata picha tena. Juu ya kukata kule kote!

Mwenye mirolesi ya daraja hili inayorekodi 4K kwa upana wote wa sensa na fokasi ikabaki kama ilivyo, aweke modeli hapa. Na wauzaji, msinijibu "nunua lenzi pana zaidi". Lenzi hairudishi fokasi.